Dansi Aliyoizuia Edelmira

Doña Edelmira Pulido alikuwa na jibu la kila kitu, na mara nyingi lilikuwa sahihi, jambo lililonichosha zaidi. Tulikutana Tunja, mji wa milimani nchini Kolombia, katika chumba cha baridi nyuma ya kliniki, tulipopewa kazi ya kutafsiri kwa Kihispania dodoso la kigeni linalowauliza watoto wenye kifafa maisha yao yakoje. Mimi nilikuwa mfasiri. Yeye alikuwa fundi cherehani, mjane aliyefiwa na mumewe mwaka huo huo, na aliitwa kwenye jopo kwa sababu alimlea binti mwenye kifafa. Binti huyo, Yaneth, sasa alikuwa mtu mzima, muuzaji katika duka la dawa.

"Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi," alikuwa akitukata kauli sisi wasomi, huku akichovya jibini kwenye maji yake ya moto ya sukari guru. "Yaneth wangu hajalalamika hata siku moja."

Kabla swali halijapitishwa, ilibidi mtoto aeleze kwa maneno yake mwenyewe amelielewaje, na mama yake abaki nje ya mlango. Mama wa Tunja abaki nje ya mlango! Tulivutana na akina mama kuliko tulivyovutana na sarufi. Edelmira ndiye aliyewaweza.

"Mama mwenzangu, hatumli huyu. Nenda kanywe kahawa."

Swali la kulala nyumbani kwa rafiki ndilo lililotuangusha. Mvulana mmoja alimkodolea macho Edelmira, akamuuliza, "Kwani nimefukuzwa kwetu?" Tulicheka mpaka machozi. Tulitaka swali jingine lenye uzito ule ule, na Edelmira akalipata papo hapo: je, kwenye sherehe za wasichana za kutimiza miaka kumi na mitano, unakwenda na kucheza kama wenzako? Sherehe hizo huanza kwa misa ya padre, kisha baba humchezesha binti yake mbele ya wageni. Daktari Fanny, mkuu wetu, alipiga meza kwa furaha. Ikabaki kulijaribu.

Akaja Leidy, msichana wa miaka kumi na mitatu, mwenye mdomo. Mimi niliketi pembeni nikiandika.

"Naenda, ila nakalishwa kitini," alisema. "Na yangu haitakuwepo. Mama atasema padre amesafiri, sijui nini. Anaogopa nitaanguka wakati baba ananichezesha, watu wote wanatazama."

"Na ukianguka je?" Edelmira aliuliza.

"Si nitainuka? Nimeanguka mara ngapi! Baba atanisubiri."

"Umemwambia mama yako hivyo?"

"Thubutu! Ili alie tena?"

Edelmira hakuuliza swali lililofuata. Nilimgusa kiwiko, akageuka kunitazama kama mtu aliyeamshwa ghafla. Ikabidi nimalize mimi.

Alinieleza baadaye ukumbini, mgongo ukutani. Gauni la Yaneth alilishona yeye, na marinda yake aliyarudia mara mbili kwa kuwa hayakumridhisha. Sherehe ilipokaribia, akamwambia mtoto kwamba padre anaumwa.

"Padre alikuwa mzima kama mimi na wewe. Mimi ndiye niliyekuwa na hofu. Yaneth akasema, 'Haya, mama,' akaenda kuosha vyombo. Nikamshukuru Mungu kwa kunipa mtoto mwelewa. Mwelewa!"

Majuto ni mjukuu, lakini huyu alikuwa amezaliwa zamani, akakua mle mle nyumbani, na bibi yake hakumwona. Nilimwonea huruma, mimi niliyekuwa nikisubiri kwa hamu siku atakayokosea.

Jioni ile alimuuliza Yaneth jikoni, wakiandaa chakula. Asubuhi alinisimulia yote bila kujitetea.

"Ile sherehe uliitaka, mwanangu?"

Yaneth aliendelea kumenya viazi. "Sherehe yenyewe wala. Nilitaka kucheza na baba."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unaogopa sana, mama. Nikaona nikisema utazidi."

Hapo Edelmira akaanza kupanga haraka haraka, kama kawaida yake. Gauni lingefumuliwa na kutanuliwa. Majirani wangeitwa, na kuku wangechinjwa. Hata Jumapili ijayo ingewezekana, kwani nani kasema lazima mtu awe na miaka kumi na mitano?

Yaneth aliweka kisu chini, akamshika mama yake mkono kwa upole.

"Na atanichezesha nani, mama?"