Mfarishi Uliogeuzwa Ukutani

Marehemu mume wangu aliacha kanzu mbili: moja ya shamba, iliyochanika kwapani, na moja ya Idi, iliyodariziwa shingoni kwa uzi wa rangi ya maziwa. Eda yangu ilipokwisha, wifi yangu, dada yake, aliomba kitu kimoja tu: ile ya Idi. Alikuwa na haki nayo. Darizi ile aliishona yeye kwa mkono wake.

Lakini nilikuwa nimeshaikata.

Sikukusudia. Miwani yangu ilikaliwa na mgeni mmoja mnene siku ya tatu ya msiba. Nami ndani ya eda nilitaka kazi ya kunituliza, nikaamua kushona mfarishi: viraka juu, blanketi kuukuu katikati, kitambaa cha maua chini. Nikashika mkasi nikidhani nakata kanzu ya shamba. Vidole vilipofika shingoni viliitambua darizi kabla ya macho. Nikasema innalillahi mara ya pili kwa marehemu yuleyule, kisha nikaishona ile shingo katikati ya mfarishi, maana ningeiweka wapi tena?

"Ipo, wifi," nilimwambia. "Nimeihifadhi."

Kila neno lilikuwa la kweli, ila jibu zima lilikuwa uongo. Mtoto wa chuoni kwangu, ninakofundisha Kurani, angenijibu hivyo ningemsimamisha nje. Kwa miaka miwili, kila tukikutana sokoni Kondoa, aliniuliza, "Kanzu bado inahifadhiwa?" Nami nikajibu, "Alhamdulillahi, inahifadhika."

Ndipo mwalimu wa sanaa wa shule ya jirani, binti niliyemfundisha alifu na be, akaandaa maonyesho ya picha za wanafunzi na mifarishi ya kina mama. Aliuona wangu kitandani akapiga vigelegele. Ningekataa, lakini nafsi ilishapenda kusifiwa. Asubuhi ya maonyesho nikasikia wifi naye anakuja. Nikakimbilia ukumbini.

"Mwanangu, ugeuze. Maua yaje mbele."

"Lakini mwalimu, viraka vitatazama ukuta!"

"Ukuta nao una haki ya kuona maonyesho."

Akageuza. Wifi alipofika alisimama mbele yake, mikono kiunoni. "Wa nani huu? Mbona kama pazia la zahanati?"

"Wangu."

"Pole, wifi. Uzee huo."

Nikaipokea pole.

Mvua ikaanza, na adhuhuri ikaingia. Wanaume walikwenda msikitini wakijifunika magunia. Sisi wanawake tukaamua kusali palepale. Mikeka iliyotandikwa barazani ilikuwa imelowa chepechepe. Picha za twiga upande wa kibla tulizigeuza, tusisali tukitazama sanamu za wanyama, zikaufuata mfarishi wangu katika adhabu. Tukabaki na sakafu ya vumbi.

"Tushusheni ule wa wifi yangu," akasema wifi. "Sura hauna, lakini ni mpana na ni msafi."

Kabla sijapata hoja, alikuwa ameshapanda benchi. Akaushusha, akaukung'uta, akautandika haraka, maua chini, viraka juu. Macho yake ya karibu si mazuri, nikamshukuru Mungu kwa hilo, na papo hapo nikaomba msamaha kwa kushukuru jambo kama lile.

Nilisalisha mimi, nikiwa katikati ya safu, wifi kulia kwangu. Tulipokwenda sijda, paji lake la uso likatua juu ya ile shingo. Nikatoa takbira ya kuinuka, wifi hakuinuka. Nikasubiri. Mola aipokee swala ile, maana akili yangu yote ilikuwa kwenye kiraka kimoja.

Baada ya salamu alikaa akikipapasa kwa kidole.

"Wifi."

"Abee."

"Ndiko kuhifadhi huku?"

"Nilikata bila miwani, wifi. Kisha nikakuogopa. Nisamehe."

"Miaka miwili namwombea kaka yangu pema, kumbe wewe unajifunika naye!" Alijaribu kukunja uso, lakini mdomo ulimsaliti. Kisha akainama tena. "Na umemshona kwa uzi mweusi! Kaka yangu na uzi mweusi, wapi na wapi?"

Akatoa miwani na sindano mkobani. Hapo hapo sakafuni akafumua mishono yangu, akaanza upya kwa uzi mweupe, mpaka alasiri. Wageni walimzunguka wakidhani naye ni sehemu ya maonyesho. Mwalimu wa sanaa hakutaka kuwaharibia, akaandika kikadi, akakiweka gotini pake: "Bado unashonwa."

Alipokata uzi akatoa hukumu: mfarishi ni wetu sote. Yeye atakaa nao kipupwe, mimi nitakaa nao kiangazi. Nilikubali kwa shukrani, na hesabu ya miezi sikuipiga mpaka nilipofika nyumbani.

Sasa ni Julai, na upepo wa Kondoa hauna huruma. Nalala chini ya blanketi la kawaida, nimevaa kanzu ya shamba, ile iliyochanika kwapani. Hiyo nimeihifadhi kweli.