Injera ya Jeptoo Iliyokosa Macho

Jeptoo wa hapa Eagan, Minnesota, mamake Alvin, ni mtu wa kukwambia anajua kabla hujamaliza kueleza. Mimi Kendi ni jirani yake, mlango kwa mlango, na nampenda hivyohivyo, lakini Januari hii alinitoa jasho.

Mke wa Alvin, Hirut, Mwethiopia, alikuwa amejifungua. Mama yake mzazi yuko Addis Ababa, alinyimwa viza, kwa hiyo kumlea mzazi kukawa kazi ya Jeptoo. Akapika supu ya mbuzi, akapika matoke, akapika ndengu. Hirut anashukuru kwa adabu zote, anaonja kijiko, anasukuma sahani. Alitamani injera ya kwao, ule mkate mpana, mwembamba, mchachu, wenye vitundu juu wanavyoviita macho. Alvin alileta ya dukani kutoka Minneapolis, Hirut akasema hiyo imechanganywa ngano, kwao ni tefu tupu, ile nafaka yao ndogo. Basi mama yake mdogo anayekaa Golden Valley akapiga simu: Jumamosi anakuja kumchukua yeye na mtoto, akawalee kwake.

Jeptoo aliumia, asikwambie mtu. Alikuja kwangu macho mekundu.

"Kendi, wakimbeba mjukuu wangu kwa sababu ya chakula, uso nitauweka wapi?"

Akaamua kuipika mwenyewe. Mwenzake wa kazini, Mwethiopia, akaanza kumwelekeza: koroga unga wa tefu na maji, acha uchachuke siku kadhaa, mwaga maji ya juu, chota kidogo uchemshe… Hapo Jeptoo akamkatiza. Yeye Mkalenjin aliyekuzwa kwa mursik, maziwa yao machachu ya kibuyuni, kuchachusha afundishwe na nani?

Ndoo ya rojo la tefu ikawekwa karibu na hita, ikavishwa jaketi la Alvin, maana nje theluji ilikuwa imepanda hadi dirishani. Nyumba nzima ikanuka uchachu. Alvin alipolalamika, mamake akamwambia akalale kwenye gari.

Jumamosi asubuhi akaniita. Akachota rojo kidogo, akalichemsha, likawa zito, likanukia. Tukatazamana. Jamani, huu si ndio uji wa kuchachusha, ule wa nyumbani? Jeptoo akaonja, akatia sukari, akajaza vikombe. Tulikunywa mpaka tukakwangua sufuria, na wala sijuti. Tangu nihamie Minnesota sijapata uji wa kuniingia hivyo.

Kisha akamwaga rojo la ndooni kwenye kikaango. Tukangoja macho. Hakuna. Akamwaga tena, hakuna. Zilitoka bapa, laini, vipofu kabisa. Jeptoo akakaa kitini na mwiko wake, akalia kama mtoto.

Mama mdogo akaingia wakati huohuo. Akainua injera moja akaitazama kwenye mwanga, akauliza kama tulichemsha rojo kidogo tukalirudisha ndooni. Kumbe hilo la kuchemsha ndilo linaloleta macho.

"Tulilinywa," Jeptoo akasema. "Na sukari."

Mama mdogo akairudisha injera sahanini. Hirut alikuwa amesimama mlangoni, mtoto begani, amesikia yote. Akaanza kucheka, akajishika tumbo kwa maumivu ya mshono, akacheka tena. Tangu ajifungue hatukuwa tumemsikia akicheka. Akanikabidhi mtoto, akavuta kiti karibu na Jeptoo, akakata kipande cha ile injera kipofu, akachovya kwenye mchuzi wa ndengu, akala. Akakata kingine. Jeptoo aliacha kulia, akawa anahesabu matonge kwa macho, hathubutu hata kukohoa.

Mama mdogo alingoja, mwishowe akasema wavae makoti, gari liko nje linanguruma. Hirut akamjibu kwa Kiingereza ili sote tusikie, huku mdomo umejaa.

"Mimi nabaki kwa mama. Wewe uwe unakuja kumchunga asinywe rojo."