Kura Iliyopita na Umoja Uliobaki Nje

Naikumbuka Jumanne moja, mwanangu, niliposhinda kura na kukaribia kuvunja umoja wetu mzima. Ilikuwa miaka ya tisini, mitumba imejaa sokoni, na kila anayejua kuandika barua anaunda kikundi apate mfadhili. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu, sina kazi, nina tai mbili. Sifa hizo zilitosha kunifanya katibu.

Umoja wetu ulikuwa wa vikundi vitatu: akina mama waanika dagaa wa ufukweni Ilemela, mafundi cherehani wa Mabatini, na wakulima wa pamba wa Kisesa. Mfadhili alikubali kugharamia mradi mmoja tu, na viongozi wote watatu watie saini kabla ya Jumamosi. La sivyo, msaada unakwenda mkoa mwingine. Akina mama walitaka chanja za miti za kuanikia dagaa, mafundi vyerehani, wakulima ghala.

Tulibishana hadi mate yakatukauka. Nikaona elimu yangu inaitwa. "Tupige kura," nikasema. "Wengi wape!" Wakulima, walipoona ghala halina wafuasi, wakaungana na mafundi. Vyerehani vikapita. Moyoni nilijipongeza kana kwamba demokrasia nimeileta mimi Kanda ya Ziwa.

Mama Nyamizi, kiongozi wa akina mama, akasimama, akakaza kitenge chake.

"Hongereni. Na saini yetu mtaitafuta humo humo kwenye mikono mliyoinua."

Akina mama wakatoka wote.

Mwenyekiti wetu, Mzee Maganga wa Kisesa, aliyekuwa pia kiongozi wa wakulima, akanigeukia. "Msomi, umetupatia washindi. Sasa tupatie umoja."

"Lakini mzee, wengi..."

"Wengi wa nini? Kwetu tunalimiana kwa zamu. Tukigombania nani aanze, hatuinui mikono. Tunazunguka mashamba yote, na aliyezidiwa na magugu tunamwona kwa macho, tunaanza na lake. Kesho tunazunguka. Na hiyo tai iache nyumbani."

Sikuiacha. Ujana, mwanangu, ni ugonjwa usiosikia dawa.

Asubuhi tukafika Ilemela. Dagaa walikuwa wametandazwa mchangani, wameanza kukauka. Mama Nyamizi alimwamkia mzee shikamoo. Mimi akaniita "mheshimiwa", na hakuwa ananiheshimu. Mara wingu likaja kutoka ziwani na mvua ikamwagika. Tulikimbia wote kuzoa. Fundi Hamisi, kiongozi wa mafundi, alikuwa amepiga magoti akichota dagaa na mchanga pamoja. Mimi niliteleza na beseni, nikaanguka kifudifudi; dagaa wakaingia hadi ndani ya shati.

"Katibu naye aanikwe!" akapiga kelele mama mmoja, wakacheka.

Mvua ilipokatika, sehemu kubwa ilikuwa uji. Mama Nyamizi aliutazama, akasema taratibu, "Hii ilikuwa ada ya watoto."

Hamisi akafuta mikono. "Cherehani changu kibovu, lakini kinalala ndani. Chanja zianze."

Tukaenda Mabatini. Mafundi walikuwa wakipokezana cherehani kama wagonjwa wanaogawana kitanda. "Mfadhili akirudi, hawa ndio wa pili," akasema Mama Nyamizi, "na nitawasemea mimi." Kisesa tulikuta pamba bado mbichi. Mzee Maganga akacheka: "Ghala la kuweka nini? Lingoje."

Ijumaa hakuna aliyeinua mkono. Saini tatu zilikaa kwenye karatasi moja, na vigelegele vikasikika hadi barabarani. Masika yalipokuja, dagaa walikuwa juu ya chanja, wamefunikwa turubai. Na vyerehani? Vilikuja na msaada uliofuata, Mama Nyamizi akiwa msemaji wa mafundi kuliko mafundi wenyewe.

Basi, mwanangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kura hukuonyesha walio wengi, haikuonyeshi aliyezidiwa. Kabla hamjagawana kilicho chenu wote, nendeni mkaione shida ya kila mmoja, mkashike kazi yake kwa mikono yenu. Aliyeonwa hivyo hupata subira ya kungoja zamu yake.

Mungu akupe wenzako wa kukubishia bila kukukimbia, na akujalie kufurahia zamu ya mwenzako kama yako.