Mvinyo wa Uvunguni

Juzi, kwenye foleni ya mafuta ya kula katika duka la ushirika Kariakoo, chupa ya mama aliyenitangulia ilianguka ikapasuka. Muuzaji akasema, "Bila chupa sikupimii, mama. Na haya ndiyo ya mwisho."

Nyuma yetu mabwana wawili wa ofisini walikuwa wakisifiana mvinyo walioununua safarini Ulaya. Mama akawageukia. "Kaka zangu, hamna chupa tupu nyumbani nikaifuate mbio? Wanangu wamechoka ugali na chumvi."

"Zangu zimejaa, dada," akajibu mmoja. "Nimezilaza uvunguni mvinyo ukomae. Rudi baada ya miaka kumi."

Wakacheka. Nami niliwahi kunusa mvinyo huko huko Ulaya nikijifanya mjuzi, lakini mtoto akilala na njaa anakomaa nini? Nikampa mama chupa yangu. Msinisifu, zilikuwa hasira tu, na kwangu tumekula mchicha wa kuchemsha.