Dawa Isiyoua

Bwana Abdulwahid wa Pate haui. Atakwambia mwenyewe kabla hujamaliza kuitikia salamu yake. Siafu wakikata njia, husimama mpaka wapite. Paka akimla kifaranga wake, humwombea paka dua. Mimi jirani yake huruma hiyo imenichosha.

Mali yake ni mindimu aliyoachiwa na babake. Mkewe, Bi Hayat, hutia ndimu achari, na achari hupelekwa bandarini Mtangawanda, ikapakiwa mashuani kwenda kuuzwa Amu. Ndiyo inayowalisha. Mwaka jana vidudu vyeupe kama pamba vilijazana matawini, majani yakaanza kupukutika. Bi Hayat akataka dawa. Mume akakataa katakata: atawauaje mbawakawa wake, wale wekundu wenye madoa meusi, ambao chakula chao ni hao hao weupe?

Katika duka moja la Amu, kijana wa bara aitwaye Owen akampa suluhisho.

"Hii haiui wakubwa, mzee. Inazuia tu wadogo kujivua gamba wakue."

Abdulwahid alisikia "haiui". Mengine yalimpita.

Akapuliza. Weupe wakapungua. Raha ilimzidi alipoona wametoweka pia wadudu fulani weusi wenye miiba, wabaya wa sura, waliokuwa wakitambaa majanini. Na mbawakawa wake wazima, wanajitembelea! Msimu mzima barazani tulihubiriwa dawa yenye huruma, nami nilitamani nipulizwe masikioni.

Kisha wekundu wakaanza kuadimika, na weupe wakarudi kwa kishindo. Akavuka tena Amu, amefura.

"Uliniambia haiui!"

"Hao wako wamekufa uzee, mzee. Watoto wao ndio hawakukua."

"Watoto gani? Siyaona hata mmoya!"

Owen akamwonyesha picha kwenye simu: mweusi, mwenye miiba. Abdulwahid akaketi chini pale pale dukani. Niliposimuliwa nilicheka, halafu nikamwonea uchungu. Maskini alikuwa amemshukuru Mungu kwa msiba wa mbawakawa wake mwenyewe.

Mindimu haikuzaa. Mitungi ya Bi Hayat ikakaa tupu.

Ndipo akaja Amini, mwenye shamba la pili, mtu asiyenunua kinachoweza kuazimwa. Alitaka bomba la kupulizia na dawa, maana weupe walikuwa wameanza kuingia kwake pia. Kwake wekundu bado wapo, na wenye miiba tele.

"Sikupi," Abdulwahid akamwambia. "Yaua."

"Si wewe uliyetuapia kuwa haiui?"

"Niliapa. Yaua wana, Bwana Amini. Hao wabaya wa sura ndio wana wenyewe."

Amini akacheka, akaenda zake. Kufikia alasiri mji mzima ulijua kuwa Bwana Abdulwahid ni mchoyo, na huruma yake ni ya mdomoni. Hakujitetea. Kwa mtu apendaye kusema kama yeye, hilo sikulitegemea, na siku hiyo nilimheshimu.

Mindimu ya Amini, ambayo haikupulizwa kitu, imezaa mpaka matawi yameinama. Bi Hayat hununua ndimu kwake, naye humuuzia ghali kuliko watu wengine, kwa kuwa mumewe alimnyima dawa.