Joho la Somo la Historia

Nilikuwa mwalimu Mtopanga. Siku ya mkaguzi kuamua kama nastahili kupandishwa cheo, nilitaka kufundisha maisha ya karne ya kumi na saba nikiwa nimevaa kama tajiri wa zama hizo: joho, kilemba na jambia. Niliviazima kwa jirani aliyeoa juzi, nikavalia kwake ili mke wangu asinicheke.

Njiani wanawake walinipigia vigelegele. Mimi, msomi mzima wa chuo kikuu, nikadhani wanapenda historia, nikawapungia mkono.

Katikati ya somo mke wangu aliingia na furushi. Akamtazama mkaguzi, mwanamke nadhifu aliyeketi mbele.

"Hongera, mke mwenzangu. Nguo zake chafu hizi hapa. Wallahi, kuanzia leo utamfulia wewe."