Jitu Nyuma ya Kiti Changu

Mtoto wa darasa la pili aliniambia kuna jitu limesimama nyuma yangu, na darasa zima likampigia makofi.

Hata mimi nilipiga.

Ngoja nieleze taratibu.

Mimi ni mwalimu wa watoto wadogo. Kufundisha kwa vitabu vya picha nilijifunza mwenyewe, kwa kujaribu na kukosea. Maneno nayafunika kwa vipande vya karatasi. Nakaa kwenye kiti kwenye kona ya hadithi, kitabu nimewageuzia wao, nao wakiwa mkekani wanasimulia wanachokiona.

Sheria ni moja: hakuna jibu baya. Ukisema, unapigiwa makofi.

Ukuta wa nyuma ya kiti ulikuwa na karatasi pana tuliyoichora miti. Ilining'inia kama pazia. Watoto waliiita msitu.

Binti mwenyewe tulimwita Chiriku, kwa utani tu, kwa sababu alikuwa haongei. Alikaa mwisho kabisa wa mkeka, amejibanza kwenye pembe.

Siku moja kitabu kilikuwa cha kuku aliyepotea. Chiriku akanyoosha mkono. Nilifurahi kupita kiasi.

"Kuna jitu," akasema. "Limefungua mdomo."

Kwenye picha kulikuwa na kuku na ndoo. Basi.

"Linaitwaje?" nikamuuliza.

"Sijui. Lina meno mekundu."

Makofi.

Siku ya pili kitabu kilikuwa cha watoto wanaofua nguo. Chiriku akasema jitu limerudi. Siku ya tatu, cha paka. Jitu tena.

"Leo mdomo umekuwa mkubwa, Mwalimu."

Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, "Lipo nyuma yako."

Tukampigia makofi, kama kawaida. Kisha nikageuka. Miti yetu ya karatasi, hakuna kingine. Nikacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha kujikaza.

Ofisini nikamweleza mwalimu wa hesabu.

"Ticha, hivyo vitabu vitakutoa akili," akasema. "Wa kwangu wakiona jitu nawaambia wahesabu meno."

Walimu wakacheka. Mimi nikarudi kukagua vitabu, ukurasa kwa ukurasa. Sikuona kitu.

Hapo hofu ikabadilika sura. Mtoto asiyeweza kusema anachofanyiwa nyumbani, wakati mwingine hukisema kwa hadithi. Nikawaza, huyu mwenye mdomo wazi ni nani? Sikutaka kumhukumu mtu nisiyemjua. Nikamwita mama yake.

Ni fundi nguo. Alikuja na utepe wa kupimia bado uko shingoni.

"Mama Chiriku, nisamehe kwa swali hili. Kuna mtu nyumbani anamtisha mtoto?"

Akanitazama bila kupepesa.

"Swali hilo nilikuwa nakuletea wewe," akasema. "Nyumbani analala vizuri. Asubuhi ndiyo analia. Anasema jitu linakaa kwa mwalimu."



Kesho yake nikaamua tubadilishane: mtoto akae kwenye kiti asimulie, mimi nikae mkekani. Nikamwita Chiriku.

"Sikai hapo," akasema.

"Mimi naweza," akadakia mvulana tuliyemwita Bosi. Sijajibu, ameshakaa, miguu inaning'inia, kitabu mapajani.

Nikamwambia Chiriku asimame mlangoni. Nikakaa mahali pake, kwenye pembe, nikainama hadi kichwa kikawa usawa wa kichwa chake.

"Palikuwa na fisi mmoja mlafi sana," Bosi akaanza. "Alikula mpaka viatu vya watu."

Nikainua macho nimtazame.

Kutoka pale chini, pembeni, unaona kitu usichokiona ukisimama wala ukikaa kwenye kiti: nyuma ya karatasi.

Ukuta ulikuwa umepasuka kutoka sakafuni hadi karibu na paa. Ufa wa kuingiza ngumi. Plasta ilikuwa imebanduka, matofali mekundu yamejipanga juu na chini kama meno.

Nje mafundi walikuwa wanachimba mtaro wa maji ya mvua. Walikuwa wameula msingi wetu bila kujua. Kila sululu ikipiga, vumbi lilidondoka kwenye nywele za Bosi.

Nikipiga kelele, watatawanyika ovyo, wengine wakimbilie ukutani kulekule.

"Wanyama wote," nikasema polepole, "wanatoka msituni kimyakimya. Fisi asiwasikie. Chiriku, waongoze."

Wakatoka wakinyata, vidole midomoni, wakizuia vicheko. Bosi hakutikisika.

"Mwalimu, sijamaliza."

"Utamalizia nje, mwanangu."

"Nje hakuna kiti."

Nikambeba mzimamzima na kitabu chake.

Tulikuwa katikati ya uwanja ukuta ulipoanguka. Haukutoa kishindo nilichokitarajia. Ulisikika kama mtu mzito amejibwaga kitini kwa uchovu. Vumbi lilipotulia, kona ya hadithi haikuwepo.

Nikawahesabu. Nikawahesabu tena. Wote wapo. Nikakaa chini kwenye mchanga.

Chiriku akaja akasimama karibu yangu.

"Mama," nikamwambia, "mbona hukuniambia ni ukuta?"



"Sikujua kama ni ukuta. Nilijua tu litakula mtu."

Nilikuwa nimetafuta jitu kwenye vitabu, nikalitafuta nyumbani kwa watu, na huku nimeligeuzia mgongo.

Ndugu zangu, tunapenda kusema mtoto fulani ana kipaji cha kubuni. Huenda anacho. Lakini kabla hujamsifu, na kabla hujamshuku mtu wa kwao, nenda ukakae pale alipokaa, uangalie kwa urefu wake.

Utachafuka magoti. Nguo hufuliwa.